Carry On: Neno Lililojenga Barabara ya Momela

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza tena. Nimeona lori likimezwa na tope jeusi la mto Usa mpaka kikabaki kioo na usukani. Nimeona kifaru amesimama katikati ya barabara mpya karibu na Momela, anaitazama kazi yetu kama mkaguzi, halafu akajisaidia juu ya changarawe tuliyoishindilia asubuhi ile, akaenda zake. Nimeona Mzungu akilia na Kalasinga akicheka siku moja, kwa ajili ya daraja moja. Kwa hiyo ninyi vijana mnaoichukua kazi niliyoiacha, msije kwangu na habari za ajabu. Njooni na maswali ya kazi.

Kazi nimeiacha mwaka huu. Sijazeeka. Mgongo ndio uliozeeka, nami nikalazimika kuufuata. Shuleni niliishia darasa la pili kwa wamisheni, nikatoka nikijua kuandika jina langu, kuhesabu, na sala ya kabla ya kula. Haya mnayosoma nimeyaandika mwenyewe kwa kalamu ya risasi. Pale mnapoona herufi imelala msiseme Elifasi hajui kuandika, semeni Elifasi alikuwa na haraka. Kiingereza changu ni neno moja tu. Lakini neno hilo nimelila, nimelinywa, nimelilalia, na limenitoa kwenye lundo la mawe likanifanya mtu ambaye magari humpigia honi kwa heshima.

Neno lenyewe ni “carry on”. Najua kwa Kiingereza ni maneno mawili, ila yanatoka kinywani pamoja kama maksai wa nira moja. Vibarua wangu walilitamka kerioni, na mwisho wakaniita mimi hivyo hivyo, Nyapara Kerioni. Ukifika kijijini Maji ya Chai ukamtafuta Elifasi utaonyeshwa Elifasi wengi, mmojawapo mlevi. Mtafute Kerioni.

Nilishuka mlimani kabla ya vita, jembe begani, natafuta fedha ya kodi kama kila kijana wa Kimeru wa siku zile. Nikapata kazi kwa mkandarasi mmoja wa Kizungu aliyekuwa akiijengea serikali barabara upande wetu wa mlima. Jina lake la kweli nitaliacha, maana watoto wake wapo. Sisi tulimwita Bwana Kamba, kwa sababu ya kamba ya kupimia iliyoning'inia kiunoni mwake hata siku ya Jumapili. Jembe langu waliliweka pembeni, nikapewa nyundo, nikaketishwa kwenye lundo la mawe pamoja na Wanyaturu. Hao walikuwa wakivunja mawe huku wanaimba, jambo lililoniudhi sana, kwani mimi sikuwa na pumzi ya kuimba.

Jua lilipopanda ikaja gari. Watu wote wakasimama, kofia mkononi. Akashuka Mzungu mwembamba, shingo nyekundu, kamba kiunoni. Akayatazama mawe, akautazama mtaro, akatutazama sisi. Akasema, “Carry on,” akapanda gari, akaondoka. Watu wakavaa kofia na nyundo zikaanza tena.

Nilidhani nimepitwa na hotuba. Mtu ametoka Arusha mjini, amekula vumbi njia nzima, kuja kusema neno moja? Nikamwendea Fundi Kartar. Huyu alikuwa Kalasinga aliyejenga makalavati na madaraja yote ya Bwana Kamba, yale ya kupitisha maji chini ya barabara na yale ya kupitisha barabara juu ya maji. Ndevu zake alizifunga kwa wavu, na kilemba chake hakikupata tope hata siku moja, sijui alifanyaje.

“Fundi, bwana amesema nini?”

“Nasema, mimi naona wewe. Sasa mimi nakwenda. Kazi iko kwako.”

“Yote hayo kwa neno moja?”

“Ingereza iko bahili,” akasema, akarudi kwenye simenti yake.

Fundi Kartar ndiye aliyenifundisha kazi, na hakunifundisha kwa upole. Alinipiga vidole kwa fimbo ya kupimia kila niliposhika kamba ya timazi kama mtu anayevua samaki. Alinifundisha kwamba adui wa barabara ni maji, na kwamba lori linalaumiwa bure. Kabla ya kukubali kipande chochote cha barabara alikuwa akimwaga debe la maji katikati, halafu anachuchumaa na kuyafuata kwa macho. Yakigawanyika yakaenda mitaroni pande zote mbili sawasawa, alikohoa. Kikohozi kile ndicho kilichokuwa sifa. Yakituama hata kwenye kidimbwi cha ukubwa wa sahani, tulichimbua tukaanza upya. Vijana, mna mitambo ya kupimia siku hizi, lakini debe la maji halijapanda bei. Limwageni.

Jinsi nilivyopata filimbi ya unyapara si habari kubwa. Aliyekuwa nayo aliugua, mimi nilikuwa karibu, na nilikuwa na sauti. Tuendelee na neno.

Mzungu hasemi “carry on” kwa namna moja, na nyapara asiyejua kuzitofautisha atafukuzwa mapema. Bwana Kamba akilisema huku mguu mmoja uko ndani ya gari, kazi imempendeza, msijisumbue. Akilisema amesimama palepale anakitazama kigingi, ameona kosa na anakupa nafasi ulione mwenyewe kabla hajarudi. Akilisema mara mbili kwa haraka, “carry on, carry on”, maana yake anaongea na Mzungu mwenzake jambo ambalo hataki mlisikie, nanyi pigeni nyundo kwa kelele. Akilifuatishia kitu, kwa mfano “carry on with the drain”, basi acheni yote mengine mshike mtaro. Kijana mmoja niliyekuwa nikimfundisha aliwahi kuniuliza kwa nini wasiseme tu wanachotaka. Nikamwambia wangesema wanachotaka, wewe na mimi tungelipwa kwa kazi gani?

Nyumbani kwao neno hilo lina maisha mengine. Hayo niliyapata kwa Athumani, mpishi wa Bwana Kamba, mtu wa Tanga, mwenye masikio mazuri kuliko mapishi. Aliniambia mtoto wa bwana akilia juu ya uji, memsahib humwambia “don't carry on so”, yaani usizidishe kilio. Bwana mwenyewe akianza habari za bei ya petroli wakati wa chakula, memsahib huwaambia wageni kwamba mumewe “carries on about petrol”, yaani hana breki. Halafu Athumani akaziba mdomo kwa mkono, ingawa pale tulipokaa hapakuwa na mtu mwingine ila kuku, akaninong'oneza kwamba kuna bwana mmoja wa mashamba ya kule juu ambaye wenzake wanasema “he is carrying on with” mke wa jirani yake.

“Na hilo nalo ni kazi?” nikamwuliza.

“Kwa jinsi farasi wake alivyokonda,” Athumani akasema, “ni kazi.”

Vibarua wangu hawakukaa sebuleni kwa Mzungu, lakini walilichukua neno wakalitia kwenye maneno yao kama wanavyotia chumvi. “Leo tumekerioni mpaka jua limetuchoka.” “Mvua inakerioni, nyapara, tupe ruhusa.” Mnyaturu mmoja aliyeletewa mkewe kambini pamoja na mtoto mchanga alikuja kazini macho mekundu, akasema mtoto amekerioni usiku kucha, na hakuna aliyemwambia habari za memsahib na uji. Mimi nililitumia kila mahali. Nililitumia kwa watoto wangu wakilima, na kwa ng'ombe akisita mlangoni. Jumapili moja mchungaji wetu alinyamaza katikati ya mahubiri kutafuta ukurasa, nami nikiwa mstari wa mbele likanitoka kwa sauti ya kazini. Mke wangu hakuzungumza nami mpaka Jumatano. Mchungaji lakini aliendelea.

Msidhani lilikuwa neno la mchezo. Mvua za masika moja zilitukuta pale Usa, lori la mawe likazama mpaka ekseli. Bwana Kamba alikuja amelowa, akatazama, akasema neno lake akiwa amelikazia macho gurudumu, akaondoka. Hakusema tufanye nini. Kuchimba kulizidisha tope, matawi yalimezwa. Ndipo nilipopeleka watu kwenye shamba la kahawa la jirani, tukaomba makapi ya kahawa waliyokuwa wakiyatupa mtoni, tukayabeba kwa magunia na kuyamwaga chini ya magurudumu, tabaka la makapi, tabaka la mawe, tabaka la makapi. Makapi yanakunywa maji kama kinywa. Lori likatoka. Sehemu ile ya barabara bado ni kavu kuliko nyingine zote, na asubuhi ikipata jua inanuka kahawa. Hayo nimeyabuni mimi. Mkisikia mtu mwingine anadai, mleteni.

Siku nyingine jiwe lilibingirika kutoka kwenye mlima tuliokuwa tukiukata, likamvunja mguu Mughenyi, mmoja wa wale Wanyaturu waimbaji. Bwana Kamba alikuwepo. Alimbeba yeye mwenyewe kwa mabega pamoja na mimi, akamweka kiti cha mbele cha gari, damu na yote, si nyuma. Kabla ya kuliwasha gari akanitazama, akasema polepole, “Carry on, Elifasi.” Ilikuwa mara ya kwanza kulifuatishia jina langu. Watu walikuwa wameweka nyundo chini, wengine wanataka kurudi kwao. Nikawaambia tunafunga ule mlima kwa ukuta wa mawe leo ili jiwe jingine lisishuke kesho, na tukaufunga. Mughenyi alirudi anachechemea, akawa mpishi wa kambi, na ugali wake ulikuwa na madonge mpaka nilipostaafu.

Nawaeleza hayo mpate kujua kwamba katika miaka yangu yote haikutokea siku niliyoambiwa “carry on” nikasimama. Wengine walisimama kwa mvua, kwa nyuki, kwa nyati. Mimi sikusimama. Isipokuwa siku moja, nayo ndiyo niliyokusudia kuiandika.

Barabara ya Momela inapopanda kutoka Maji ya Chai inapita katikati ya vihamba vya watu wetu, migomba na kahawa huku na huku. Vigingi vilikuwa vimepigwa muda mrefu kabla yetu na wapimaji waliotoka mbali. Karani alipita nyuma yao akahesabu migomba na mikahawa iliyo njiani, na wenyewe wakalipwa. Miongoni mwao alikuwemo mjane aitwaye Mama Anaeli, mtu mzima, mwenye kihamba kidogo kinachoshuka hadi kwenye kijito. Alilipwa migomba yake yote bila ubishi. Kilichosahauliwa ni masale.

Kwa mgeni, isale ni mmea tu wa majani marefu, kama ua la kupamba njia. Bwana Kamba mwenyewe alikuwa nayo getini kwake mjini. Kwa sisi Wameru, na kwa jirani zetu Wachagga, isale ni mpaka usiong'olewa. Tena kwa Mama Anaeli masale yalikuwa yamezunguka makaburi ya mume wake na watoto wake wawili. Hapakuwa na msalaba wala jiwe, masale ndiyo yaliyokuwa jiwe. Karani aliona ua, akapita. Kigingi kilisimama katikati ya makaburi.

Sasa, wiki ile ile tulipokuwa tunakaribia kihamba chake, nilikuwa nimekaa kwenye pombe ya ndizi pale Maji ya Chai. Kulikuwa na fundi cherehani mmoja mwenye mdomo, akanichokoza mbele ya watu.

“Kerioni, wewe ni filimbi tu. Mpulizaji ni Mzungu.”

Nikamjibu kwamba Mzungu ni mtu wa kuja na kuondoka, na kwamba barabara ile inapita ninapotaka mimi. Nikisema inyooke, itanyooka. Nikisema ipinde, itapinda. Watu wakapiga makofi. Nilichosema kilikuwa karibu na kweli, maana Bwana Kamba alikuwa akija mara chache, na mimi ndiye niliyekuwa pale kila siku. Sijutii. Ila katika nchi ya Meru maneno ya kwenye pombe yanafika vihambani kabla ya mnywaji.

Asubuhi tuliyofika mpakani kwake, Mama Anaeli alikuja amevaa nguo zake za kanisani. Vibarua wa Kimeru wakamwamkia, shikamoo mama, naye hakuitikia, dalili mbaya. Mimi nilikuwa nimenyoosha mkono kuwaonyesha watu wa sururu mahali pa kuanzia. Akatembea moja kwa moja, akaweka kitu kwenye kiganja kile kile nilichokinyoosha, akavikunja vidole vyangu kwa mikono yake miwili na kuvishikilia. Sikuwa na haja ya kutazama. Lilikuwa jani la isale, limefungwa fundo.

Kwa asiyejua nitaeleza. Mtu akikupa isale lenye fundo anakuomba, na ombi hilo halikataliwi. Kwa jani hilo watu wamesameheana mpaka damu. Anayelitupa chini anabaki na haki yake yote, lakini hakuna atakayekaa naye kwenye pombe, hakuna atakayemchumbia binti yake, na akifa atazikwa na watu wachache wenye haraka.

“Mama,” nikasema, “mimi ni nyapara tu. Nenda kwa bwana mkubwa.”

“Nilikwenda kwa mzee wa ukoo, akaniambia barabara ni ya Mzungu. Nikafunga safari niende kwa Mzungu, watu wakanicheka njiani. Wakasema barabara ni ya Elifasi, amesema mwenyewe, ikipinda inapinda kwa amri yake. Basi nimekuja kwa mwenyewe.”

“Yale yalikuwa maneno ya pombe.”

“Mwanangu, ulikuwa umelewa?”

Hapo nusu ya Maji ya Chai ilikuwa imekusanyika, na yule fundi cherehani alikuwa mbele, mkasi bado mkononi. Mimi sijawahi kulewa maishani, na kila mtu anajua. Nikasema sikulewa.

“Haya,” akasema, wala hakuniachia mkono.

Vibarua wa Kimeru wakaweka sururu chini bila mimi kupuliza filimbi. Wanyaturu wakauliza kuna nini, wakaambiwa kuna makaburi, nao wakaweka zao. Ndipo tukasikia gari.

Bwana Kamba alipoona watu wamesimama bila kofia, alidhani ni heshima yake. Akasema “Carry on” kabla hajafunga mlango. Hakuna aliyejongea. Akasogea.

“Elifasi. Carry on.”

“Hapana, Bwana.”

Lilinitoka mdomoni kama jino. Shingo yake ikazidi wekundu. Akautazama mkono wangu ndani ya mikono ya yule mama, akauliza kuna nini. Nikamweleza habari za masale na makaburi, na za jani lile. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaenda mwenyewe kwenye masale, akayatenganisha kwa fimbo, akatazama vilima vitatu vidogo vya udongo, akavua kofia, akaivaa tena, akarudi.

“Nani amemwambia huyu mama kwamba barabara inaweza kupinda?”

“Mimi, Bwana.”

Akafungua kamba kiunoni, akamwita Fundi Kartar, wakashuka wote wawili mpaka kijitoni wakipima na kubishana, huyu kwa Kiingereza, yule kwa Kiswahili chake. Waliporudi suruali zao zilikuwa zimelowa magotini.

“Inawezekana,” Bwana Kamba akasema, kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie. “Tutaizungusha kwa chini, juu ya kijito. Inataka kalavati, inataka mawe, inataka vibarua. Lakini serikali inanilipa kwa barabara iliyonyooka. Kona hii hakuna aliyeiagiza ila wewe. Sasa chagua. Mrudishie mama jani lake, tupite. Au nipe filimbi, nimtafute nyapara mwingine, naye atapita. Au kona ni yako na utailipa wewe. Mimi sitatia hata senti.”

Nilifanya hesabu kichwani, nikaiacha njiani maana ilikuwa inaelekea pabaya. Nikamtazama Fundi Kartar, nikitegemea aseme kijito hakifai, udongo ni mbovu, chochote. Akajikuna chini ya kilemba.

“Mkono yangu bure,” akasema. “Simenti hapana bure.”

Mama Anaeli alikuwa ameyasikia yote. Hakuniombea, hakunihurumia. Macho yake yalikuwa kwenye kigingi, na hapo nikatambua kwamba nikilirudisha lile jani atalipokea na kwenda nyumbani, kisha jioni atakaa mlangoni akitusikia tukipiga sururu juu ya watoto wake. Yule fundi cherehani alikuwa amefungua mdomo tayari kwa kicheko.

“Nitalipa,” nikasema.

Mama akaniachia. Mkono ulikuwa na alama za kucha zake. Bwana Kamba akajifunga kamba kiunoni, akasema, “Carry on,” nami nikapuliza filimbi.

Kazi ya kona ile niliisimamia kuliko kazi yoyote. Hakuna aliyeegemea beleshi. Mnyaturu akisimama kuimba namtazama, kwa kuwa kila pumziko lilikuwa linatoka mfukoni mwangu, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa nini wakandarasi hawapendi sikukuu. Mawe tuliyabeba kwa karai kutoka kijitoni, yasinunuliwe. Fundi Kartar alijenga kalavati kama anajengea hekalu lao, taratibu, mpaka nikataka kulia. Alipomaliza akamwaga debe lake la maji, akachuchumaa, akakohoa.

Niliuza ng'ombe na ndama wake kwenye mnada wa Ngaramtoni, mbali na kwetu ili nisionwe, nikaonwa. Baiskeli yangu aliinunua Athumani. Mke wangu alinisubiri mlangoni, mikono kiunoni.

“Umenunua kona,” akasema. “Haya, baba Ndeki. Jioni tutaikamua?”

Nikamwambia wako watu wana mashamba, wako wenye maduka mjini, Wahindi wenye maduka mawili mawili. Lakini mtu mwenye kona kwenye barabara ya serikali, amtafute mwingine mkoa mzima. Akasema kona haina maziwa, akaingia ndani. Mwaka uliofuata binti yetu alichumbiwa na ukoo wa Mama Anaeli, na mke wangu aliacha habari za maziwa, ingawa ng'ombe wa pili hakupatikana upesi.

Madereva wanaopandisha Momela wanaitukana kona ile mpaka leo. Wazungu wa mashamba wanadhani palikuwa na mwamba. Nasikia baadhi yenu mnataka kuinyoosha, kwa kuwa sasa mna katapila. Msiiguse. Mama Anaeli naye amelala mle ndani ya masale, tangu mwaka juzi, na mimi ndiye niliyeshika sururu.

Mwisho wa mwezi ule tuliomaliza kona, Bwana Kamba alinifanyia hesabu kwenye boneti la gari: simenti, nondo, vibarua. Akasema zile senti za mwisho ataniondolea. Nikakataa, asije akapita pale siku moja na wageni wake akawaambia kona ni yetu sote. Nikalipa yote: shilingi mia mbili na kumi na mbili, na senti sabini na tano.